Ncha za pembe ni za umri, idadi iko kwa majike

Kaka, unasema ile sheria ya Pennsylvania, jimbo la Marekani, ya mwindaji kuhesabu ncha za pembe kabla ya kufyatua iliwekwa ili kupunguza kulungu; hapana, sivyo. Dume mmoja hupanda majike kadhaa, kwa hiyo ukitaka kundi lipungue unaongeza vibali vya kuwinda majike, basi. Ncha zinahusu umri wa madume. Kabla ya 2002 zaidi ya asilimia 80 ya madume wenye pembe kule waliuawa kila msimu, wengi wakiwa na mwaka mmoja na nusu tu. Sasa sehemu kubwa ya jimbo inataka angalau ncha 3 upande mmoja, ili wale wadogo wafike mwaka unaofuata.

Ila pembe si cheti cha kuzaliwa. Hudondoka na kuota upya kila mwaka, na ukubwa wake unafuata malisho kama unavyofuata umri. Mississippi, jimbo jingine la Marekani, walijifunza kwa gharama: mwaka 1995 waliweka ncha 4 kwa jumla, na kwenye ardhi yenye rutuba hata dume wa mwaka mmoja na nusu akawa anazifikisha. Matokeo yake waliopigwa ni wale wenye pembe nzuri, wakabaki wenye pembe kama vijiti. Baadaye wakahamia kupima upana wa pembe kwa ndani na urefu wa shina lake. Mimi naona kipimo cha upana ni bora zaidi, ingawa kumkadiria mnyama anayetembea vichakani alfajiri, loo, si mchezo.