Mashine ya kupanga kreti ikija kiwandani: dai maandishi mapema, na wapiganie pia wanaobaki

Mkuu mleta uzi, umeeleza kwamba kiwanda chenu cha vinywaji kimeleta mafundi wa nje kupima sakafu kwa ajili ya mashine ya kupanga kreti, ofisi haisemi kitu, na wenzako wa shifti ya usiku hawapati usingizi hata siku za mapumziko. Nitajibu kwa sheria za Tanzania, halafu nigusie yanayotokea kwenye laini yenyewe, maana watu wengi huishia kwenye sheria tu.

Kwanza, hao wenzako si waoga. Utafiti wa Whitehall II, ulioanza mwaka 1985 kwa watumishi wa serikali jijini London, uliwafuatilia pia wafanyakazi wa idara iliyokuwa inaelekea kubinafsishwa. Hali ya afya waliyoieleza wenyewe ilianza kuporomoka wakiwa bado kazini, wanangoja tu kujua nani atabaki. Kiwandani kipindi hicho cha kungoja kina dalili zake: mtu anaficha jeraha dogo asionekane mzigo, anakuja kazini na homa, anakubali shifti mbili mfululizo, na mzoefu anaacha kumfundisha kijana kwa hofu ya kunyang'anywa nafasi. Ajali huongezeka hapo, kabla hata mashine haijafungwa. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni taarifa, na taarifa hiyo ni haki yenu.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe notisi ya nia ya kupunguza wafanyakazi mara tu wazo hilo linapokuwepo, siyo siku ya kugawa barua. Lazima atoe taarifa zote zinazohusika, halafu ashauriane nanyi juu ya mambo matano: sababu, hatua za kuepusha au kupunguza idadi ya watakaoondoka, njia ya kuwachagua, muda, na malipo ya kiinua mgongo. Anashauriana na chama kinachotambuliwa, kwa viwanda mara nyingi TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara. Pasipo na chama, anashauriana na wafanyakazi wenyewe. Mkishindwa kukubaliana, suala linakwenda kwenye usuluhishi CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Msipoteze nguvu kubishana kwamba mashine isije. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinakubali teknolojia mpya kama sababu halali ya kupunguza watu. Mtakaposhinda ni kwenye namna inavyofanyika. Tawi la chama liandike barua wiki hii, nakala mbili, moja irudi na mhuri wa mapokezi. Iulize: mashine inafungwa laini ipi, na tarehe za kufunga, kujaribu na kuanza kazi ni zipi? Kila shifti ina watu wangapi sasa, na itabaki na wangapi? Nafasi za opereta ni ngapi, na sifa zake ni zipi? Nani anastaafu ndani ya miaka miwili ijayo? Vibarua wa wakala ni wangapi, na kwa nini wasipunguzwe wao au saa za ziada kabla ya kugusa wenye mikataba? (Swali hilo la mwisho linauma, kwa sababu vibarua nao wana familia. Kama tawi lina moyo, liombe waingizwe kwenye orodha ya kurudishwa nafasi zikipatikana.)

Kuhusu kiinua mgongo, pigeni hesabu mapema msije mkashtuka. Kiwango cha chini ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, na lazima uwe umetimiza miezi 12 mfululizo. Mwenye mshahara wa msingi wa 600,000 kwa mwezi, wiki ya siku sita, unagawa kwa 26 (siku za kazi kwa mwezi): siku moja ni kama 23,077. Mara 7 ni 161,538 kwa mwaka. Aliyefanya kazi miaka 8 anapata karibu 1,292,300, na aliyefanya miaka 14 anaishia 1,615,400 hivi, kwa sababu ya ukomo wa miaka 10. Hiyo haifiki mishahara mitatu! Ndiyo maana mkataba wa hali bora (ule wa chama na mwajiri) una uzito kuliko sheria: humo ndimo mnaweza kuongeza siku au kuondoa ukomo. Kenya, kwa kulinganisha, kima cha chini ni siku 15 kwa kila mwaka. Kiinua mgongo hakimezi malipo mengine: notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), likizo ambayo hujaichukua, nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama walikuajiri mbali na kituo cha kazi, na cheti cha utumishi. Jihadharini na mtego mmoja: ukikataa bila sababu ya msingi kazi mbadala uliyopewa, unaweza kukosa kiinua mgongo. Ukipangiwa stoo, usikatae kwa hasira. Jibu kwa maandishi, eleza tatizo la mshahara au afya kama lipo.

Mafunzo nayo yana dirisha lake. Fundi wa saplaya hukaa kiwandani wakati wa kufunga na kujaribu mashine, na hapo ndipo mtu anajifunza kuweka sawa vihisi (sensa) vya mashine, kusoma ujumbe wa hitilafu na kubadili mpango wa kreti. Akishaondoka, kinachobaki ni faili la maelekezo kwa lugha ambayo wengi hawaisomi. Daini angalau watu wawili wa kila shifti wawe naye tangu boksi la kwanza linafunguliwa, na wachaguliwe kutoka kwa hao hao wanaopanga kreti kwa mikono leo. Wanajua kreti ipi imepinda na kwa nini inakwama.

Sasa wanaobaki. Kazi ya kubeba inaisha, inakuja kazi ya kuangalia mashine: mtu mmoja, pengine laini mbili, usiku, kelele, taa za hitilafu kila dakika chache. Hatari kubwa ni kreti kukwama. Opereta anayeogopa kupoteza kazi hazimi mashine, anapenyeza mkono. Na kubonyeza kitufe cha dharura pekee hakutoshi, kwa sababu upepo wa kompresa unaweza kubaki kwenye silinda na mkono wa mashine ukashuka au kusukuma ghafla. Utaratibu uwe huu: zima, kata umeme kwenye swichi kuu na uweke kufuli lako, funga vali ya upepo na utoe uliobaki, zuia sehemu inayoweza kudondoka, jaribu kuwasha uhakikishe haiitiki, ndipo uingize mkono. Umeme ukikatika na kurudi, asiwepo mtu ndani ya uzio.

Utaratibu huo hautafuatwa kama dakika za kusimama zinaandikwa kwa jina la opereta. Daini kila kusimama kuandikwe chanzo chake: umeme, kreti mbovu, hitilafu ya mashine, kusubiri chupa, au kosa la mtu. Namba za kwenye skrini zisitumike kuadhibu katika miezi ya mwanzo, mashine ikiwa bado inazoeleka. Asiwepo anayefanya kazi peke yake usiku, na kuwe na zamu ya kubadilishana, maana kukodolea mkanda macho saa nane kunachosha akili kuliko kubeba kunavyochosha mgongo.

Kwako binafsi: weka nyumbani nakala za mkataba na hati za mshahara, hakiki NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kama michango imepelekwa kila mwezi, na usichukue mkopo mpya wa kukatwa kwenye mshahara kipindi hiki. Barua ya kuachishwa ikitoka na unaona si halali, una siku 30 kuifikisha CMA. Siku hizo huisha haraka watu wakisubiri ahadi za ofisini.