Anayechapa na anayechapisha

SWALI: Karibu na Jamatini, hapa Dodoma, kuna steshenari imeandika mlangoni "Tunachapa na kuchapisha". Rafiki yangu anadai ni neno moja limerudiwa. Na je, chapa hii ndiyo ile ya ng'ombe? (Msomaji, Chang'ombe)

JIBU: Rafiki yako amekosea. Pale dukani kuchapa ni kubonyeza vitufe: unampa binti barua uliyoiandika kwa mkono, anaiingiza kwenye kompyuta, nawe umekaa kwenye benchi unamsahihisha jina la babako. Kisha anaituma kwenye printa. Huko ndiko kuchapisha, ingawa yeye mwenyewe atakwambia "naprinti". Kazi mbili, malipo mawili.

Kwa watu wa vitabu, maneno hayohayo yamehamia nyumba nyingine. Kwao mchapaji ni mwenye mitambo na wino. Mchapishaji ndiye anayeupokea mswada, akagharimia uhariri, akakitoa kitabu kwa umma na kukitafutia soko, hata kama hamiliki mashine hata moja. Jirani yangu alimlipa mtu aliyejiita mchapishaji, akaletewa maboksi ya vitabu mlangoni, basi. Yule alikuwa mchapaji. Serikali yetu haichanganyi: anayesimamia mitambo yake huitwa Mpigachapa Mkuu.

Na ng'ombe? Naam, ni chapa ileile. Tumeipata kwenye Kihindi, chhap, yaani alama inayobaki kitu kikigandamizwa. Huko India kiwanda cha kuchapia huitwa chhapakhana. Sisi tukalitumia neno kwa muhuri, kwa nembo ya bidhaa, kwa maandishi ya mtambo, na kwa alama ya moto. (Waarabu nao huita kiwanda hicho matbaa, na mzizi wake ndio uliotupa neno tabia. Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.)

Nenda mnada wa Msalato siku ya Jumamosi utazame paja la ng'ombe: herufi na tarakimu zimeunguzwa kwa chuma, na manyoya hayaoti tena juu yake. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ni ya 2010, lakini chuma cha moto ni cha zamani kuliko sheria.

Ila usimwambie mwenyewe kwamba ng'ombe wake amechapwa. Atauliza ni nani aliyemtandika fimbo. Ng'ombe hupigwa chapa.