Vichwa vya kamba na funza kwa kuku wa mayai

SWALI: Nina kuku 24 wa mayai. Napata vichwa na maganda ya kamba bure, na nimeanza kufuga funza wa nzi askari mweusi. Je, niache unga wa samaki?

JIBU: Ndugu msomaji, usiache kwa pupa. Mimi niliwamwagia kuku wangu vichwa vibichi; kesho yake kinyesi kilikuwa majimaji na ndoo ya maji iliisha kabla ya adhuhuri. Chumvi ile! Siku hizi nasuuza, nachemsha, naanika mpaka maganda yavunjike kwa vidole, ndipo nasaga. Anza na asilimia 5 tu ya chakula, maana ganda lina kitini, ile nyuzi ngumu inayolijenga, ambayo kuku huimeng'enya kwa shida. Kiini cha yai kikikolea wekundu usishtuke, ni rangi ya kamba.

Funza ndio mbadala hasa: wakikaushwa, protini yao hukaribia asilimia 40. Ila wana mafuta mengi, unga wao huchacha upesi. Saga kidogo kidogo.

Kuku anayetaga huhitaji takriban gramu 4 za kalisi (kalsiamu, madini ya kujenga ganda la yai) kwa siku. Basi ponda maganda ya chaza, uyaweke kwenye chombo cha pembeni wajidonolee.