Maswali ya Wasomaji: Pombe ya Mchele na Maji ya Mjini Kwake

SWALI: Mhariri, mimi ni mgema, na baba yangu alikuwa mgema. Tembo letu huanza kuchachuka lenyewe likiwa bado juu ya mnazi, ndani ya kibuyu. Nasikia Wajapani hutengeneza pombe ya mchele iitwayo sake, na kila mji hujivunia yake. Mchele hauna utamu, wanafanyaje? Na tofauti ya mji na mji hutoka wapi? — Msomaji wa Ganda, Malindi.

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza kama mtu wa kazi. Utomvu wa mnazi una sukari tayari, na hamira ya hewani na ya kibuyuni huigeuza kileo kwa muda wa saa chache. Mchele una wanga, ambao hamira haiuwezi mpaka ugeuzwe sukari kwanza. Wajapani hunyunyizia mchele uliopikwa kwa mvuke kuvu iitwayo koji, wakaulaza kwa siku mbili hivi katika chumba chenye joto. Mchele huo huchanganywa na mchele mwingine, maji na hamira, vikiongezwa kwa awamu tatu ili hamira isizidiwe, na ndani ya pipa hilohilo koji huendelea kutoa sukari huku hamira ikiila. Ndiyo maana sake hukaribia asilimia 20 ya kileo bila kuvukizwa kama chang'aa, ingawa nyingi huongezwa maji kabla ya kuuzwa.

Tofauti ya miji, kwa maoni yangu, ianzwe kutazamwa kisimani. Inasimuliwa kwamba mnamo 1840 Yamamura Tazaemon, aliyekuwa na viwanda viwili, kimoja Uozaki na kingine Nishinomiya, aliona kuwa sake ya Nishinomiya humshinda mwenzake kila mwaka. Alibadilisha mchele, akabadilisha hata mafundi, na tofauti ikabaki. Alipoyasafirisha maji ya Nishinomiya hadi Uozaki, ndipo sake zikalingana. Maji hayo, yaitwayo Miyamizu, yana madini mengi yanayoipa hamira nguvu, na chuma kidogo sana, nacho chuma huharibu rangi na ladha. Kwa hiyo sake ya Nada, eneo la Kobe na Nishinomiya lenye viwanda hivyo, ni kali na kavu, ilhali ile ya Fushimi, Kyoto, inayotumia maji yenye madini machache zaidi, ni laini.

Kuna pia watu. Mafundi wakuu, waitwao toji, kwa desturi walikuwa wakulima walioacha mashamba majira ya baridi wakaenda viwandani: wa eneo la Tamba walishuka Nada, na katika mikoa ya Iwate na Niigata nako kulikuwa na mafundi wenye mapokeo yao. Ujuzi huo wa kutumia koji ndio UNESCO iliouorodhesha Desemba 2024 kuwa urithi wa binadamu. Siku hizi wakulima wa msimu wamepungua, na viwanda vingi hufundisha toji kutoka miongoni mwa waajiriwa wao wa mwaka mzima, wengine wakiwa wenye viwanda wenyewe.