Kabla hujadai kocha wa Nebraska atimuliwe

Kaka, umeuliza kama mashabiki wa futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska mshinikize kocha afukuzwe kila msimu unapoharibika. Mimi ningesema tulia kwanza, upitie rekodi ya timu yako.

Kocha Frank Solich alitimuliwa 2003 katika msimu ambao alikuwa ameshinda mechi 9, kapoteza 3. Akaja kocha Callahan, kisha Pelini. Pelini naye hakuwahi kushinda chini ya mechi 9 kwa msimu, lakini 2014 akafungashiwa virago, na Riley aliyemrithi akaondoka na ushindi 19 na vipigo 19. Kila aliyekuja alikuja na mfumo wake, na wachezaji waliosajiliwa kwa mfumo wa zamani wakabaki wanahangaika.

Sasa mwangalie Scott Frost, kocha aliyemfuata Riley. Alikuwa kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, wa timu ya ubingwa ya 1997, mtoto wa nyumbani, na nani angethubutu kumpinga? Aliondoka akiwa ameshinda 16, kapoteza 31. Msimu wa 2021 alipoteza mechi 9, zote kwa tofauti isiyofika pointi 10. Ukipigwa hivyo mara mbili, lawama bahati. Mara tisa, hayo ni maandalizi. Wakamfukuza Septemba 2022, wiki chache kabla fidia yake ya kuvunjiwa mkataba haijashuka kutoka dola milioni 15 hadi 7.5!

Kwa hiyo maswali yako mpelekee mkurugenzi wa michezo: mkataba una masharti gani, na mrithi anachaguliwa kwa kigezo kipi? Tiketi za uwanja wenu zimekuwa zikiisha mechi baada ya mechi tangu 1962, ndugu yangu, hata timu ikiharibu. Viongozi watawasikiliza kwa lipi?