Uliza Fundi: Hewa ya tabo huku juu kwetu

Safari hii nimechagua barua tatu, na zote zinahusu hewa inayoingia kwenye injini. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu swali lake naletewa gerejini Uyole karibu kila mwezi na vijana wenye magari ya tabo, yaani ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini.

Shikamoo fundi. Nina Subaru Forester ya tabo ya mwaka 2004. Nimeona seti ya bomba la aluminiamu la inchi 3 pamoja na filta ya wazi yenye umbo la koni, wanauza laki tatu na nusu. Muuzaji anasema nguvu zitaongezeka na tabo itasikika. Gari langu limekuwa zito sana kupanda mlima. Ninunue? Kama siyo hiyo, ninunue ipi?
*Msomaji, Forest Mpya, Mbeya*

Marahaba, mwanangu. Hiyo laki tatu na nusu ikae kwanza mfukoni.

Umeandika kwamba gari "limekuwa" zito. Neno hilo ndilo lililonishika. Maana yake zamani halikuwa zito, na boksi la filta ni lile lile lililotoka nalo Japani. Bomba halijasinyaa. Kwa hiyo kuna kitu kimeziba au kimepasuka, na ukifunga koni leo utakuwa umenunua sauti huku ugonjwa umebaki palepale.

Tuelewane kwanza kuhusu hewa ya hapa. Pwani, hewa inakandamiza kwa karibu kilopaskali 101. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kipimo kinashuka hadi karibu 82. Karibu sehemu moja ya tano imebaki huko chini kabla hujawasha gari. Gari lisilo na tabo linaumia moja kwa moja. La tabo linajitetea kwa kuzungusha feni yake kwa kasi zaidi. Ikitakiwa kusukuma kilopaskali 80 juu ya hewa ya nje, Dar es Salaam tabo inaikandamiza hewa mara 1.8 hivi, hapa kwetu inakaribia mara 2. Ndiyo maana huku juu inapata joto zaidi, na ndiyo maana kizuizi chochote kabla ya tabo kinauma Mbeya kuliko kinavyouma pwani. Hapo muuzaji wako hajakosea. Amekosea kwenye ukubwa wa hicho kizuizi.

Mimi nakipima kwa mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani ambao waashi wanapimia levo. Naukunja uwe na umbo la U, naufunga kwenye ubao wenye utepe wa fundi cherehani, natia maji yenye rangi hadi nusu. Ncha moja inaingia kwenye tundu dogo nililotoboa kwenye boksi, upande wa hewa iliyokwisha kupita kwenye filta. Ncha ya pili inabaki wazi. Kijana wangu anakaa kiti cha abiria na ubao wake, mimi naendesha kutoka Uyole kupanda kuelekea Isyonje, gia ya tatu, mguu chini. Maji yanavutwa upande mmoja, naye anasoma tofauti. Sentimita 10 za maji ni karibu kilopaskali 1. Ubao usipungue mita moja na nusu, tabo isije ikayanywa maji yenyewe. Tukishapima, tundu naliziba kwa plagi ya mpira.

Forester moja kama lako lilisoma sentimita 46 kwa filta iliyokuwamo. Nikaweka filta mpya ya karatasi, tukarudia mlima ule ule: 24. Fanya hesabu nami. Uchafu peke yake ulikuwa unakula zaidi ya kilopaskali 2. Kilichobaki, yaani boksi, mabomba yake na filta mpya, ni kilopaskali 2.4 kati ya 82. Ni asilimia 3. Hata ungeng'oa boksi na filta tabo ikapumua wazi kabisa, huwezi kurudishiwa zaidi ya hapo.

Sasa angalia koni ya wazi inakaa wapi. Iko ndani ya boneti, inavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na rejeta na injini. Boksi la kiwandani linachota hewa ya nje. Nje ikiwa nyuzi 20, ndani ya boneti nyuzi 50 si ajabu ukiwa unapanda taratibu nyuma ya semi ya kwenda Tunduma. Hewa ya nyuzi 50 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 20 kwa karibu asilimia 9. Umetafuta 3, umepoteza 9.

Linalonitisha zaidi ni sensa ya hewa. Gari lako linapima hewa kwa waya mdogo wa moto uliokaa ndani ya bomba, na kompyuta imefundishwa upana wa bomba hilo. Ukipanua bomba, hewa ile ile inapita pole pole, waya haupozwi kama kawaida, kompyuta inadhani hewa imepungua. Bomba likitoka milimita 66 kwenda 76, ambazo ndizo hizo inchi 3, sensa inasoma pungufu kwa karibu robo. Mafuta yanapunguzwa wakati hewa haijapungua. Kwenye mwendo wa kawaida sensa ya ekzosi inajaribu kurekebisha, lakini ukikanyaga mlimani tabo ikiwa imejaa, injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanalipuka vibaya ndani yake, na pistoni za Subaru hazisamehi kugonga. Nimefungua injini ya namna hiyo. Pistoni ilikuwa imekatika kati ya ringi ya kwanza na ya pili, kipande chenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Mwenye gari alikuwa kijana wa umri wako, na gari lilikuwa la mkopo.

Halafu kuna vumbi, na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu kosa lilikuwa langu. Miaka ya nyuma nilimfungia mteja koni ya pamba yenye oili kwenye gari lake la tabo. Yeye ni mtu wa machimboni Chunya, barabara zake za ndani ni unga mtupu. Alirudi baada ya kiangazi kimoja akilalamika moshi na filimbi. Nilipovua bomba nikapitisha kidole ndani, kikatoka na tope jembamba la rangi ya matofali. Mapanga ya tabo yalikuwa yameliwa kwenye kingo, yamekuwa makali kama wembe. Injini nayo ilikuwa imeanza kula oili, ringi zimesagika. Pamba yenye oili ikipakwa vizuri na kuoshwa kwa wakati inachuja, lakini karatasi nzuri inachuja vumbi laini kuliko hiyo. Ukizidisha oili, inasafiri na kwenda kuganda kwenye waya wa sensa niliyokueleza. Tabo ya mteja yule nilinunua mimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka filta mpya ya karatasi, na hakikisha boksi linafunga sawasawa. Magari mengi yaliyotumika yanakuja kilipu moja imevunjika na fundi amefunga kwa mpira wa tairi. Toa sensa, ipulizie dawa yake maalumu, usiiguse, iache ikauke yenyewe. Kisha tafuta fundi mwenye mashine ya moshi apulize kwenye njia ya hewa. Kwenye Forester yako bomba la kuingia kwenye tabo linapita chini ya manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye injini, halionekani kirahisi, na kwa umri wa gari hilo mpira wake unakauka na kupasuka. Angalia pia hozi za intakula, kile kipoza hewa kinachokaa baada ya tabo. Baada ya hapo pima kwa kompyuta: marekebisho ya mafuta ya muda mrefu yakizidi asilimia 10, iwe kuongeza au kupunguza, bado kuna kitu.

Ikiwa umeyamaliza hayo na moyo bado unataka seti nyingine, sikukatazi. Sauti ya tabo ni raha, naielewa. Chagua yenye boksi lililofungwa na linalochota hewa nje ya boneti. Mahali pa kukaa sensa pawe na upana wa ndani sawa na wa kiwandani. Nenda dukani na kalipa, upime mwenyewe. Kuwe na mdomo wa kurudisha hozi ya pumzi ya injini na ule wa vali inayorudisha upepo wa tabo. Muulize muuzaji uwezo wa filta kuchuja kwa kipimo cha ISO 5011, ambacho ni cha kimataifa cha kupimia filta za hewa, na akikosa karatasi ya majibu, usimpe hela. Usichukue ile inayoshusha filta chini nyuma ya bampa. Msimu wa mvua barabara ya Tukuyu inajaa maji, na filta ikizama, injini inavuta maji, koneksheni, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda.

Fundi, pole na kazi. Nina Hilux ya dizeli, napeleka viazi kutoka Njombe mpaka Dar. Kupanda Kitonga wakati wa kurudi inatoa moshi mweusi na inakosa nguvu hata nikiwa sina mzigo. Fundi wa huku amenishauri atoboe boksi la filta ili ipate hewa. Nikubali?
*Mama msafirishaji, Makambako*

Ahsante mama, nimekwisha poa. Usimruhusu. Tundu hilo litaingiza vumbi na hewa ya moto, na moshi utabaki.

Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuyachoma. Anza na filta yenyewe. Ikiwa nzima, shida mara nyingi iko baada ya tabo: hozi ya kwenda intakula imechanika. Gari likiunguruma bila mzigo hozi inafumba na huoni kitu, ukikanyaga mlimani inafunguka kama mdomo na hewa yote inatoka. Mwambie fundi ashike hozi zote kwa mkono, azikunje, atafute mahali penye alama mbichi ya oili iliyochanganyika na vumbi. Mpasuko uko hapo. Kama hapaonekani, aweke upepo kidogo kwenye njia hiyo na kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Hozi zikiwa nzima, ndipo aende kwenye mkono unaodhibiti upepo wa tabo, kisha nozeli zinazonyunyiza mafuta, kwa mpangilio huo, ili usilipie nozeli nne kwa kosa la hozi moja.

Filta ya karatasi inaweza kuoshwa kwa petroli? Jirani yangu anaosha.
*Msomaji, Iringa*

Hapana, ndugu. Petroli inalegeza gundi inayoshika mikunjo, na karatasi ikishalowa vinyweleo vyake havirudi kama vilivyokuwa. Ukibanwa na safari, igonge taratibu kwenye kiganja, kisha puliza kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, mdomo wa bomba ukiwa mbali kidogo. Usitumie upepo wote wa kujazia tairi. Halafu ishike mbele ya tochi usiku na uizungushe polepole. Ukiona nukta moja ya mwanga mkali, karatasi imetoboka. Itupe usiku huo huo. Ikipita, safiri nayo, na ukifika Iringa mjini nunua mpya.