Iowa na New Hampshire hazimtabiri rais

Je, anayeshinda Iowa, jimbo ambalo kwa desturi hutangulia katika mchujo (kura ya kila chama kumchagua mgombea wake wa urais), ndiye huingia Ikulu ya Marekani? Mara chache. Ondoa kwanza miaka ambayo rais aliyepo madarakani anagombea tena bila mpinzani wa maana ndani ya chama, maana hiyo huongeza alama za bure. Ukishaondoa, Iowa inabaki na washindi watatu walioingia Ikulu: George W. Bush 2000, Obama 2008 na Trump 2024. Carter 1976 ni nusu alama, kwa kuwa "wasio na msimamo", yaani waliokataa kuchagua mgombea yeyote, walimzidi kura. Kwa Republican, Huckabee 2008, Santorum 2012 na Cruz 2016 walishinda pale na hata tiketi ya chama hawakuipata.

New Hampshire, jimbo ambalo kwa desturi hufuata baada ya Iowa, ilikuwa na sifa nzuri zaidi. Kuanzia 1952 hadi 1988, kila aliyechaguliwa rais alikuwa ameshinda mchujo wa pale. Clinton akaivunja 1992 kwa kushika nafasi ya pili, na Biden 2020 akawa wa tano! Aliokolewa na South Carolina, ambako wapiga kura weusi ni wengi katika mchujo wa Democratic.

Majimbo haya kazi yake ni kupunguza wagombea: anayefanya vibaya hukaukiwa na wachangiaji, akajitoa. Wajumbe wenyewe, yaani wale wanaompigia kura mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama, ni kiduchu. Iowa 2024 ilikuwa na 40 kati ya 2,429 wa Republican. Na mchujo hupima hasa wafuasi wa chama kimoja, wakati uchaguzi mkuu wa Novemba huamuliwa na majimbo kama Pennsylvania na Wisconsin.